Tarehe Kumi, Mwezi wa Pili

Zamani tulikuwa tukiyeyusha risasi,
kabla serikali haijatangaza kwamba ina sumu.
Sasa ni bati. Tauno hulalamika
kwamba bati ni jepesi, halina siri.
Mimi humwambia limepungukiwa silabi moja tu
liwe bahati.

Usiku wa mwisho wa mwaka, jikoni kwetu Kemijärvi,
yeye hushika upawa juu ya jiko la kuni
mpaka kile kipande chenye umbo la kiatu cha farasi
kilegee, king'ae, kiwe jicho.
Halafu ndooni: chaa!
Mimi ndiye msoma vivuli.
Nakiinua kibonge mbele ya mshumaa, natazama ukutani:
meli, maana yake safari;
vipele vingi, maana yake fedha.
Na Tauno, kila mwaka, bila kuulizwa:
"Mwaka huu sigusi chupa."

Maumbo yote yamo ndani ya kopo la biskuti.
Kumi na manne. Nayajua kwa siku yalipoishia:
hili lilifika tarehe nne Januari,
hili lilifika mazishi ya Onerva,
na hili, zuri kuliko yote, kama samaki anayeruka,
halikuiona hata asubuhi.
Mwaka ukishavunjika, hakujua kuuunga.
"Umeharibika huu," angesema, "tungoje mwingine,"
kisha miezi kumi na moja akaikalia kituoni
kama mtu aliyeachwa na basi
akaona uvivu kutembea.

Januari hii ilikwenda vizuri.
Januari ni bibi harusi, kila mtu anamtazama.
Februari ndiye mke.
Saa kumi alfajiri, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
kengele inalia, trekta la theluji liko uani,
gumu kama ng'ombe aliyegoma.
Hakuna fataki. Hakuna mshumaa.
Hakuna anayekuuliza unaendeleaje.

Tarehe tisa alikunywa.
Niliisikia ngazi: mguu wa kulia, kimya,
mguu wa kulia tena.
Miaka ishirini na sita nimeisomea ngazi ile.
Nikalala nikitazama dari, nikitunga hotuba.
Ilikuwa hotuba nzuri. Onerva alikuwemo,
na deni la gari.

Asubuhi kengele ililia.
Akaamka.
Akanywa kahawa amesimama, kikombe kikigonga meno,
akavaa buti, akatoka, akarudi kuchukua glavu,
akauambia mlango, si mimi:
"Jana ni jana. Leo naenda."
Koleo limevunjika, na mhunzi huyoo, anarudi kiwandani.
Hotuba yangu nikaimeza pamoja na mkate mweusi.

Kuna jambo sikulisema usiku ule wa bati,
kwa sababu sikuulizwa,
na kwa sababu mke wa mlevi haapi. Huhesabu.
Chupa za nyuma ya kuni, za chini ya benchi la sauna,
ile ya ndani ya buti la marehemu baba yake:
idadi niliijua kama mtoto ajuavyo jedwali la saba.
Siku ile, tarehe kumi, nilikwenda kwenye kuni
nikaleta kuni.
Kuni tu.

Sijafaulu kila siku.
Machi nililinusa koti lake mara mbili.
Mei, barafu ya ziwani ilipoanza kulia,
nilijikuta nimepiga magoti saunani,
mkono uko chini ya benchi hadi begani.
Nikautoa. Ulikuwa na vumbi na utando wa buibui.
Nikauosha.

Kopo la biskuti bado liko juu ya kabati.
Umbo la mwaka huu nilisema ni meli,
ili nimfurahishe.
Kusema kweli lilikuwa bonge tu, limeinamia upande,
na kivuli chake ukutani kilicheza
kwa kuufuata mkono ulioshika mshumaa,
na mkono ule ulikuwa ukitetemeka,
na ulikuwa wangu.